Ramani ya mguso

Ramani ya mguso ni ramani inayosomwa kwa vidole. Mistari, alama na maeneo yake huinuliwa juu ya karatasi, plastiki, ubao au chuma ili mtu asiyeona ayatambue kwa kupapasa. Majina huandikwa kwa nukta nundu, yaani breili, na mara nyingi pia kwa herufi nene za wino kwa ajili ya wenye uoni hafifu, na kwa ajili ya mwalimu au ndugu anayeona aliyeketi kando ya msomaji.

Wengi hudhani ramani ya namna hii hupatikana kwa kuchukua ramani ya kawaida na kuinua mistari yake. Ramani iliyotengenezwa hivyo haisomeki. Jicho linaweza kutenganisha mistari miwili iliyokaribiana sana; ncha ya kidole huhitaji nafasi ya milimita 2 hadi 3 hivi ili ijue kwamba inagusa vitu viwili, si kimoja. Kwa hiyo mchoraji wa ramani ya mguso hainui tu mistari ya mwenzake. Anachora upya, na sehemu kubwa ya kazi yake ni kuamua mambo gani yaachwe.

Jinsi mkono unavyosoma ramani

Mtu anayeona akifungua atlasi huona nchi nzima kwa mara moja, kisha hutafuta mji anaoutaka. Mkono huenda kinyume chake: hukutana na vipande kwanza, halafu msomaji huviunganisha kichwani mpaka umbo zima lipatikane. Ni sawa na kuitazama ramani ya ukutani kupitia tundu la ufunguo. Kinachoonekana sasa ni kidogo, na kilichoonekana kabla yake lazima kikumbukwe.

Msomaji mzoefu hutumia mikono yote miwili. Kwanza hupitisha viganja juu ya karatasi yote ili kujua ukubwa wa ramani, pembe zake na mahali penye vitu vingi. Kisha huweka kidole kimoja mahali anapopafahamu, kwa mfano kwenye pembe ya fremu au kwenye mji mkuu, na kukiacha hapo kama nanga wakati mkono mwingine unasafiri. Ndiyo sababu fremu, ambayo katika ramani ya kawaida inaweza kuonekana kuwa pambo tu, ni kitu cha lazima hapa. Ndiyo sababu pia ramani haipaswi kuwa kubwa kupita eneo ambalo mikono miwili hulifikia bila msomaji kusimama au kusogeza kiti.

Kidole hakipimi umbali vizuri sana. Njia yenye kona nyingi huhisiwa kuwa ndefu kuliko ilivyo, hata kama miisho yake miwili iko karibu. Mchoraji anayejua hivyo hunyoosha kona ndogondogo zisizo na maana na kuziacha zile tu ambazo msomaji anazihitaji.

Palikuwa na wakati ambapo baadhi ya wataalamu walitia shaka kama mtoto aliyezaliwa haoni anaweza kuelewa ramani hata kidogo, kwa kuwa hajapata kuona mahali popote kutoka juu. Mwaka 1986 mwanasaikolojia Barbara Landau alitoa taarifa kuhusu mtoto wa kike wa miaka minne, asiyeona tangu utotoni, aliyepewa ramani nyepesi ya mguso akaitumia kutafuta kitu mahali kilipo. Katika miaka ya 1990 Simon Ungar, Mark Blades na Christopher Spencer wa Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, walifanya majaribio na watoto wasioona na kuonyesha kwamba ramani iliwasaidia kuelewa mpangilio wa mahali, wakati mwingine kuliko kupatembelea tu. Kinachokosekana mara nyingi si uwezo wa mtoto bali ramani yenyewe na mtu wa kumfundisha kuisoma.

Historia

Ramani za kushikwa kwa mkono ni za zamani na hazikuanza na wasioona. Mfano unaotajwa mara nyingi ni wa Greenland ya mashariki: katika msafara wa miaka ya 1884 na 1885 afisa wa jeshi la majini la Denmark, Gustav Holm, alipata kutoka kwa mtu wa huko aitwaye Kunit vipande vya mbao vilivyochongwa vikionyesha pwani, ghuba zake na visiwa. Ramani ya mbao haichafuki kwa maji na inaweza kupapaswa hata gizani. Kunit hakuwa amewafikiria wasioona, lakini kazi yake inathibitisha kwamba umbo la pwani linaweza kuingia akilini kupitia vidole.

Ramani za kufundishia wasioona ziliingia madarasani pamoja na shule zao za kwanza. Valentin Haüy, aliyeanzisha shule ya vijana wasioona mjini Paris katika miaka ya 1780, alikuwa na ramani za kupapasa kati ya vifaa vyake. Katika shule hiyohiyo alisoma na baadaye kufundisha Louis Braille (1809-1852). Mfumo wake wa nukta aliuchapisha mara ya kwanza mwaka 1829. Kijitabu chake kingine cha mwaka 1839, ambacho hakijulikani sana, kilieleza namna ya kuchora kwa nukta umbo lenyewe la herufi za wanaoona, na kichwa chake kinataja pia ramani za jiografia na michoro ya jiometri. Kwa hiyo suala la ramani lilikuwa mezani kwake tangu mapema.

Nchini Marekani Samuel Gridley Howe, mkuu wa shule ya wasioona ya Boston ambayo leo huitwa Perkins, alitoa mwaka 1837 atlasi ya majimbo ya nchi hiyo iliyochapwa bila wino wowote. Karatasi nzito iligandamizwa mpaka mistari na herufi zikainuka. Maandishi yake hayakuwa ya nukta bali ya herufi za Kilatini zilizoinuliwa, kwa maana Howe alipendelea maandishi ambayo wasioona na wanaoona wangeyasoma kwa pamoja. Hoja hiyo ina mantiki kwa jicho. Kwa kidole herufi hizo ni nzito na za polepole, na hatimaye nukta zilishinda. Kuelekea mwisho wa karne hiyo Martin Kunz, mkuu wa shule ya wasioona ya Illzach karibu na Mulhouse, alichapa ramani za karatasi kwa wingi, zikasambazwa katika shule za nchi nyingi.

Hatua nyingine kubwa zilikuja katika karne ya 20, na zinaelezwa hapo chini pamoja na namna za kutengeneza.

Kuchagua na kuacha: mfano wa ramani ya Tanzania

Ugumu wa kazi huonekana mara tu mtu anapochukua rula. Karatasi ya kawaida ya nukta nundu ina upana wa sentimita 28 hadi 29 hivi. Tanzania ina takriban kilomita 1,200 kutoka mashariki hadi magharibi, na karibu hivyohivyo kutoka kaskazini hadi kusini. Kwa skeli ya 1:5,000,000, ambapo sentimita 1 ni kilomita 50, nchi inapata mraba wa sentimita 24 na kuacha nafasi ndogo ya jina la ramani na alama ya kaskazini. Skeli hiyo inafaa. Matatizo yanaanza ndani yake.

Unguja, yenye urefu wa kilomita 85 hivi, inakuwa kinundu cha milimita 17, na mlango wa bahari unaoitenga na bara, wenye kiasi cha kilomita 30, unabaki na milimita 6. Kidole kitakitambua kisiwa bila shida. Ukerewe ni habari nyingine. Hiki ni kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Ziwa Viktoria, lakini mlango wa Rugezi unaokitenga na bara haufiki kilomita 5. Katika ramani yetu unakuwa chini ya milimita 1. Mkono utapita juu yake na kusema kwamba Ukerewe ni rasi. Mchoraji ana njia mbili: kukisogeza kisiwa kwa makusudi mpaka maji yahisiwe, akikubali kosa dogo la mahali ili kuokoa ukweli ulio mkubwa zaidi, au kukiacha kabisa na kukieleza kwa maandishi. Wachoraji wengi huchagua njia ya kwanza pale ambapo somo linahusu visiwa, na ya pili pale ambapo halihusu. Kilwa Kisiwani, pamoja na umaarufu wake wote katika historia, ni kisiwa kidogo mno kwa skeli hii. Huonyeshwa kwa alama ya mji kwenye pwani.

Delta ya Rufiji ina mikono mingi ya mto inayopita katika mikoko. Jicho huifurahia. Kidole hukuta mkwaruzo. Kinachobaki ni mstari mmoja wa mto unaofika baharini, na labda uvimbe mdogo wa pwani mahali hapo.

Mto Ruvuma ni mto na pia ni mpaka wa Tanzania na Msumbiji. Ramani ya wino huchora mstari wa buluu na kuuwekea vijistari vya mpaka juu yake, na msomaji huona vyote viwili. Katika ramani ya mguso mistari miwili iliyolala pamoja ni mstari mmoja usioeleweka. Lazima swali liulizwe: somo la leo ni la mipaka au la mito? Likiwa la mipaka, Ruvuma huchorwa kama mpaka. Likiwa la mito, huchorwa ramani nyingine. Hii ndiyo kanuni inayowashangaza zaidi wale wanaoanza: ramani moja ya atlasi huvunjwa kuwa ramani tatu au nne za mguso, moja ya umbo la nchi na maziwa, nyingine ya mito, nyingine ya mikoa, nyingine ya reli na barabara kuu. Zote hupewa fremu moja na skeli moja ili msomaji aweze kuziweka sambamba na kulinganisha.

Ziwa Tanganyika lina wastani wa upana wa kilomita 50, yaani sentimita 1 hapa, likiteremka kwa zaidi ya sentimita 13 upande wa magharibi. Sentimita hiyo inatosha kujazwa mkwaruzo wa maji. Haitoshi kubeba pia mstari wa mpaka unaopita katikati ya ziwa, hivyo mstari huo huachwa na ukingo wa ziwa hutumika badala yake, pamoja na maelezo.

Kuhusu milima kuna kishawishi cha kufinyanga. Mtu hufikiri kwamba kwa kuwa ramani inainuka, basi mlima uinuke kwa kiasi chake. Hesabu ni fupi: Kilimanjaro ina mita 5,895, ambazo kwa skeli ya 1:5,000,000 ni milimita 1.2. Nukta moja ya breili ina kimo cha nusu milimita. Mlima mrefu kuliko yote barani Afrika ungezidi kidogo tu nukta mbili zilizopandana, na uwanda wa juu wa kati usingehisiwa kabisa. Ramani za kufinyanga hulazimika kuzidisha kimo mara nyingi. Zinafaa kwa eneo dogo, kama mlima mmoja na mabonde yake, lakini katika ramani ya nchi nzima mlima huonyeshwa kwa alama tu, kwa kawaida pembetatu.

Majina

Seli moja ya nukta nundu, pamoja na nafasi inayoifuata, huchukua milimita 6 za upana, na mstari hadi mstari ni milimita 10. Ukubwa huo haupunguzwi. Mchapaji wa wino akibanwa na nafasi huchukua herufi ndogo zaidi. Nukta zikipunguzwa hazisomeki tena. Jina la Dar es Salaam lina seli 13 pamoja na nafasi zake, bila kuhesabu alama za herufi kubwa. Hizo ni milimita 78, ambazo katika ramani ya hapo juu ni kilomita 390. Likiandikwa kuanzia pwani kwenda bara, jina peke yake lingekaribia kufika Dodoma na kufunika Morogoro njiani.

Suluhisho ni ufunguo. Kila mji hupewa herufi mbili, nazo hufafanuliwa katika ukurasa wa pekee ambao huwekwa mbele ya ramani au mkono wa kushoto wake. Herufi huchaguliwa zikumbushe jina lenyewe: ds kwa Dar es Salaam, dm kwa Dodoma, mz kwa Mwanza. Herufi moja haitoshi, si kwa sababu ya miji inayoanza kwa herufi ileile tu. Herufi a katika breili ni nukta moja peke yake, na nukta moja iliyosimama ndani ya ramani inaweza kuwa mji, kisiwa, au kasoro ya karatasi.

Majina huandikwa daima kwa ulalo, sambamba na ukingo wa karatasi. Katika ramani za wino jina la mto hujipinda kufuata mto wake. Nukta nundu hazivumilii jambo hilo. Herufi d, f, h na j zote ni umbo moja la nukta tatu lililogeuzwa pande nne. Anayeinamisha jina la Rufiji ili lifuate mkondo amekwisha kubadilisha herufi zake.

Alama

Alama za ramani ya mguso ni za aina tatu: nukta kwa mahali, mistari kwa mito, njia na mipaka, na mikwaruzo kwa maeneo. Hakuna orodha moja ya alama inayofuatwa duniani kote, na majaribio ya kuiweka yamegonga mwamba kwa sababu kila namna ya kutengeneza ina uwezo wake. Mwaka baada ya mwaka, hata hivyo, watumiaji wameonyesha mambo fulani yanayofaa. Mistari miwili itofautiane kwa hali, si kwa unene tu: mmoja uwe laini na mwingine uwe wa nukta, mmoja wa vipande na mwingine mfululizo. Duara dogo na mraba mdogo huchanganywa kirahisi; duara lenye tundu na pembetatu iliyojaa hazichanganywi. Mikwaruzo ikizidi mitatu au minne katika ukurasa mmoja, mkono huchoka na kuacha kuitofautisha. Kati ya alama na alama kuwe na nafasi ya milimita 3 hivi, na mstari wa mto ukatwe kidogo pale unapokaribia alama ya mji.

Mambo ambayo kila mwanafunzi hufundishwa kuyatafuta katika ramani, yaani jina, fremu, uelekeo wa kaskazini, ufunguo na skeli, yapo pia hapa. Kaskazini huwekwa juu bila kubadilishwa, na pembe moja ya karatasi, kwa kawaida ya juu kulia, hukatwa ili msomaji ajue mara moja kama ameishika ramani kichwa chini.

Namna za kutengeneza

Njia ya zamani kuliko zote, na ambayo mwalimu yeyote anaweza kuifanya leo, ni ya kubandika. Uzi wa katani hufuata mipaka, kamba nene hufuata pwani, mchanga uliochekechwa hunyunyizwa juu ya gundi kuwa jangwa au maji, na shanga au vifungo huwa miji. Nafaka hutumika sana kwa kuwa ziko jikoni, ila zina kasoro yake: ramani ya mtama na maharage iliyofungiwa stoo wakati wa likizo huweza kukutwa imeliwa na panya na fukusi. Shanga hudumu.

Njia nyingine hutumia kigurudumu chenye meno, kile ambacho mafundi cherehani hutumia kuhamishia mistari ya mkato kwenye kitambaa. Karatasi nzito hulazwa juu ya kipande cha mpira laini, kigurudumu hupitishwa nyuma yake, na upande wa mbele huota mstari wa nukta. Kwa kuwa kazi hufanyika nyuma, mchoro wote lazima ugeuzwe kama katika kioo kabla ya kuanza. Anayesahau hupata Tanzania ambayo Bahari ya Hindi iko magharibi na Kigoma inatazama mashariki, na kwa mwanafunzi ambaye hana ramani nyingine ya kulinganisha, kosa hilo halina dalili yoyote.

Katika miaka ya 1960 zilienea mashine za kufinyanga plastiki kwa joto. Ramani ya kubandika huwa kiolezo; karatasi ya plastiki hulainishwa juu yake kwa joto, hewa hufyonzwa kutoka chini, na plastiki hujishika kwenye kila uzi na kila shanga. Kutoka kiolezo kimoja hupatikana nakala nyingi zenye vimo tofauti, jambo ambalo ni faida kubwa. Katika hewa ya joto, hata hivyo, vidole vyenye jasho hunata juu ya plastiki.

Katika miaka ya 1970 ilitokea Japani karatasi ya kuvimba. Juu yake kuna tabaka la vidonge vidogo mno visivyoonekana kwa jicho. Mchoro huchapwa kwa wino mweusi, kisha karatasi hupitishwa katika kifaa cha joto. Sehemu nyeusi hufyonza joto kuliko nyeupe, vidonge vyake huvimba, na mistari huinuka. Ni njia ya haraka na safi, na mchoro unaweza kusahihishwa katika kompyuta na kuchapwa tena baada ya dakika chache. Kasoro zake ni mbili: kila kitu huinuka kwa kimo karibu kilekile, na karatasi yenyewe ni ghali na huagizwa kutoka mbali.

Printa za nukta nundu hupiga nukta tu. Baadhi huweza kupiga nukta za vimo mbalimbali. Mmoja wa waanzilishi wa printa hizo alikuwa John Gardner, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Oregon State nchini Marekani, aliyepoteza uwezo wa kuona akiwa mtu mzima na kujikuta hawezi tena kusoma michoro ya fani yake. Siku hizi zipo pia printa za pande tatu, zinazojenga ramani ya plastiki tabaka juu ya tabaka. Ramani za kudumu za stesheni, makumbusho na bustani hutengenezwa kwa chuma au ubao, na mahali penye jua kali zihitaji kivuli: chuma kilichochomwa na jua hakishikiki.

Ramani za njia na majengo

Ramani ya kumwezesha mtu kutembea ina mahitaji yake. Ramani ya mji kwa anayeona huonyesha barabara na majina yake. Anayetembea kwa fimbo nyeupe anahitaji kujua ukingo wa njia uko wapi, pa kuvukia ni wapi, ngazi zinaanzia wapi, na ni kitu gani atakachokigusa, kukisikia au kukinusa njiani ili ajue amefika. Ukuta mrefu, lami inayogeuka kuwa changarawe, kelele za kituo cha daladala, mashine ya kusaga, harufu ya mkate: hivi vyote vinaweza kuwa alama za ramani, ingawa hakuna hata kimoja katika ramani ya kawaida. Kinyume chake, paa jekundu na bango kubwa havina kazi.

Katika miji mingi ya Afrika Mashariki kitu cha kwanza kuonyeshwa kinapaswa kuwa mtaro wazi kando ya barabara. Ndio unaovunja miguu. Mtaro una faida ya kuwa mrefu na wa kudumu, hivyo huingia vizuri katika ramani kama mstari wa pekee. Bodaboda zilizoegeshwa na meza za wachuuzi huhama kila siku, na ramani haiwezi kuziahidi.

Kujaribu

Ramani ya mguso hujaribiwa na mtu asiyeona kabla ya kutolewa nakala. Jambo hili hurukwa mara nyingi, na sababu yake inaeleweka: ramani imependeza machoni pa aliyeitengeneza. Baadhi hufumba macho na kuipapasa wenyewe. Kufumba macho hakusaidii sana, maana mchoraji tayari anajua nini kiko wapi. Kidole chake huthibitisha anachokikumbuka. Jaribio la maana ni kumpa ramani mtu ambaye hajaelezwa lolote, kumuuliza anachokipata, na kunyamaza. Msomaji akisita mahali fulani mara mbili, tatizo liko kwenye karatasi. Ni vizuri zaidi kama msomaji huyo ameshirikishwa tangu kuchagua yatakayoingia.

Ramani zenye sauti na ramani za kompyuta

Si kila asiyeona anasoma nukta nundu. Waliopoteza kuona ukubwani wengi hawakujifunza, na baadhi ya wagonjwa wa kisukari hupungukiwa na hisia za vidole pamoja na macho. Kwa ajili yao, na kwa kupunguza msongamano wa majina, kuna ramani zinazotamka. Mfano wa mapema ni kifaa kiitwacho Nomad kilichobuniwa na Don Parkes wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Australia, mwishoni mwa miaka ya 1980: mchoro wa mguso uliwekwa juu ya ubao wenye vihisio uliounganishwa na kompyuta, na kidole kilipobonyeza mahali, kompyuta ilitaja jina lake.

Ramani za mitaa zinaweza sasa kuandaliwa na kompyuta yenyewe. Joshua Miele, mwanasayansi wa Marekani ambaye haoni tangu utotoni, alianzisha programu ya TMAP ambayo hupokea anwani na kutoa mchoro wa mitaa inayoizunguka, tayari kuchapwa kwa nukta au karatasi ya kuvimba. Nyingine, Touch Mapper, hutoa faili za printa ya pande tatu. Programu hizi hutegemea takwimu huria za OpenStreetMap, na kwa hiyo hufanya kazi tu pale ambapo watu wa kujitolea wamekwisha kuchora mitaa. Dar es Salaam imebahatika kwa upande huo: mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015 kwa sababu ya mafuriko, uliwatuma wanafunzi na wakazi kuchora kata zao, pamoja na mifereji ya maji. Mitaro iliyochorwa kwa ajili ya mafuriko ni ileile ambayo mtembeaji wa fimbo nyeupe anataka kuijua.

Shuleni na katika mitihani

Shule za wasioona zipo Afrika Mashariki kwa miongo mingi. Ya Thika nchini Kenya ilianzishwa mwaka 1946 na Jeshi la Wokovu, na ya Buigiri mkoani Dodoma ni ya miaka michache baadaye. Wanafunzi wengi wasioona husoma pia katika shule za kawaida, ambako mwalimu wa jiografia huenda hajapata kuishika ramani ya mguso.

Swali la ramani ndipo mambo hukwama. Ramani ya topografia ya 1:50,000 ikiwa na kontua za kila mita 20 haiwezi kuinuliwa kama ilivyo. Nafasi ya milimita 3 katika skeli hiyo ni mita 150 za ardhini. Penye mteremko wa kupanda mita 20 kwa kila mita 100, kontua hukaribiana kufikia milimita 2, nazo hugeuka kuwa uwanda mmoja wa mikwaruzo. Njia iliyo rahisi kwa mtunga mtihani ni kumwondolea mtahiniwa swali zima na kumpa jingine la maelezo. Alama zake zinalindwa, lakini mwanafunzi hujua kwamba hilo halitaulizwa, mwalimu hujua vilevile, na ramani haifundishwi. Njia iliyo ngumu ni kuchora upya kipande kile kwa kontua za kila mita 100, mto mmoja, barabara moja na vijiji viwili vitatu, kisha kutunga maswali yanayojibika kwa hivyo vilivyobaki: mto unatiririka kuelekea wapi, mteremko mkali uko upande gani wa kilima, kijiji kipi kiko juu zaidi. Mtahiniwa atahitaji muda wa nyongeza, na atahitaji kuwa ameshika ramani za namna hiyo tangu madarasa ya chini. Anayepewa ramani ya mguso kwa mara ya kwanza ndani ya chumba cha mtihani yuko katika hali ileile ya mtoto anayeona aliyepewa atlasi akiwa hajafundishwa kwamba rangi ya buluu ni maji.